Umaskini wa mahali

Mvuvi wa Mkwaja, pwani ya Tanzania, akikosa samaki wakati wa kusi, kaya yake yaweza kushuka chini ya mstari wa umaskini kwa miezi kadhaa, kisha ikapanda kaskazi inapoingia. Wachumi huuita umaskini wa mpito. Jirani yake, mjane asiye na chombo wala minazi, yuko chini mwaka nenda mwaka rudi, na wa kwake ni umaskini sugu. Istilahi hii ya pili haikupata taabu kuzoeleka, maana hospitalini tulikwisha kuwa na ugonjwa sugu.

Lakini zote mbili hupima kaya. Mahali penyewe je, hapawezi kuwa maskini? Watafiti wa miji ya Marekani wana istilahi yao kwa hilo, na baadhi yetu huitafsiri "umaskini wa mtaa". Kwa Dar es Salaam ni sawa. Lakini Mkwaja, wilayani Pangani, ni kijiji, na kijiji kwa utaratibu wetu wa serikali kina vitongoji. Mitaa ni ya mjini. Mimi napendelea "umaskini wa mahali", istilahi inayofaa mjini na kijijini.

Tofauti yake na umaskini wa kaya si ya maneno matupu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulionyesha kuwa asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa maskini wa mahitaji ya msingi mwaka 2011/12, na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Takwimu hizo hazikwambii kama ni watu walewale. Kulijua hilo lazima umfuate mtu, hata akihama. Mkoani Kagera watafiti walifanya hivyo: waliohojiwa kati ya 1991 na 1994 walitafutwa tena mwaka 2004 popote walipokuwa. Waliohama matumizi yao yalikua zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki, kwa tofauti ya pointi 36 za asilimia. Basi mtu anaweza kutoka kwenye umaskini na kijiji chake kisitoke, kwa sababu ametoka kwa kuondoka.

Mkwaja ina historia inayofaa kusomwa hivyo. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ikaanzisha ranchi ya ng'ombe Mkwaja ili wafanyakazi wa mashamba wapate nyama. Mbung'o na vichaka vikaisumbua, bei ya mkonge nayo ilikuwa imekwisha kuporomoshwa na kamba za plastiki. Ranchi ikafungwa mwaka 2000, na eneo lake likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Mwenye ardhi kubwa amebadilika, naye si mwanakijiji. Hapo ndipo mahali hubeba umaskini wake: katika nani ana ardhi, barabara inapita wapi, soko liko umbali gani. Ruzuku za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, humfikia yule mjane, na ni vema, lakini hazigusi hata moja kati ya hayo.

Kuna na kinyume chake, kinachosahaulika zaidi: mahali kutoka kwenye umaskini na mtu asitoke. Barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Mkwaja kwenda Bagamoyo inajengwa. Viwanja vya ufukweni hupanda bei barabara ikifika. Wenyeji huuza, wageni wenye fedha hujenga, na kipimo kijacho kitasoma kwamba umaskini wa mahali umepungua, ilhali aliyeuza amehamia Tanga mjini akiwa na dhiki ileile. Ndiyo maana nataka kamusi za uchumi ziweke vidahizo viwili, umaskini sugu wa kaya na umaskini sugu wa mahali, kila kimoja na fasili yake.