Ukoko wa Utosini: Mafuta, Wembe na Sabuni katika Malezi ya Watoto Wachanga, Bangwe na Ujiji, 1858 hadi Leo

Historia ya afya katika mwambao wa Ziwa Tanganyika imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa kufuata maradhi yanayoua. Ndui, kipindupindu na malale yaliacha majalada, ramani na taarifa za madaktari wa serikali, na ndiyo maana Mari Webel (2019) aliweza kuandika kitabu kizima kuhusu siasa za udhibiti wa malale katika Afrika Mashariki, kikiwamo kisa cha ziwa hili. Uzazi nao umepata mtafiti wake: tasnifu ya Sheryl McCurdy (2000) kuhusu Wamanyema wa mjini Kigoma inaonesha namna wanawake walivyojenga vyama vya uganga na msaada kwa ajili ya rutuba yao. Kati ya uzazi na kifo, hata hivyo, kuna eneo pana la maradhi madogo ambayo hayakuwa na karani wa kuyaandika. Mojawapo ni ukoko, yaani magamba ya manjano yenye mafuta yanayoshika kichwani mwa mtoto mchanga na wakati mwingine kukataa kutoka kwa miezi. Makala hii inachunguza matibabu ya ukoko huo Bangwe na Ujiji. Hoja yake ni kwamba tiba ya ukoko sugu haikuwa kamwe mafuta peke yake, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali kuyaondoa mafuta baada ya kupakwa. Na kwamba sehemu hii ya pili ndiyo iliyokumbwa na mabadiliko ya kihistoria, huku ile ya kwanza ikibaki ileile.

Jina lenyewe linastahili kuzingatiwa. Ukoko ni wali uliogandia chini ya chungu. Kiswahili kina maneno mengine ya maradhi ya ngozi ya kichwa: mba kwa magamba makavu ya watu wazima, mapunye kwa mabaka ya fangasi yanayoambukizana miongoni mwa watoto wa umri wa shule na kuwaacha na vipara vidogo, na choa kwa mabaka ya mviringo ya mwilini. Kwa mtoto mchanga walezi walichagua neno la jikoni. Chaguo hilo si la bahati tu. Mapunye na choa ni majina ya maradhi, yaani mambo yanayompata mtu kutoka nje. Ukoko ni jina la kitu kilichogandia, na pamoja na jina huja njia ya kukiondoa. Chungu chenye ukoko hakikwanguliwi kikiwa kikavu. Hutiwa maji, kikaachwa, kisha kikasuguliwa polepole. Mlezi anayemwita mtoto wake mwenye ukoko tayari ana nusu ya tiba katika neno hilo.

Mahali penyewe palitoa kitu cha kulainishia. Bangwe ni rasi iliyojitokeza ziwani kati ya ghuba ya Kigoma na mji wa Ujiji, na leo ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mnamo Februari 1858, walikuta michikichi ikimea katika nchi hiyo na mafuta yake yakiwa sehemu ya biashara ya soko. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alieleza kwa kirefu nywele na mapambo ya watu wazima wa Ujiji. Kichwa cha mtoto mchanga hakikuwa miongoni mwa mambo aliyokuja kuyatafuta, naye hakuwa mtu wa kukaa uani pamoja na wazazi wapya. Tasnifu ya Beverly Brown (1973) kuhusu Ujiji na kitabu cha Philip Gooding (2022) kuhusu ziwa zima vimeiweka biashara ya mwambao huu katika mtandao mpana unaofika Bahari ya Hindi. Kwa mada ya makala hii, jambo la msingi ni dogo zaidi: mafuta hayakuhitaji kununuliwa kutoka mbali. Yalikuwa nyumbani, na kwa sehemu kubwa yalikamuliwa na wanawake haohao waliolea.

Mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili, na mtafiti asiyezitofautisha atapotea. Mawese hutoka katika nyama ya tunda: ngazi huchemshwa, hutwangwa, hukamuliwa, na mafuta mekundu huenguliwa juu ya maji. Mise hutoka katika kiini kilichomo ndani ya kokwa ngumu, ambayo hupasuliwa moja baada ya nyingine kabla kiini hakijakaangwa na kutwangwa. Mawese ni chakula kwanza. Yakipakwa kichwani hutia rangi kanga, mto na ziwa la mama. Mise hayana wekundu huo, na ndiyo yanayopakwa zaidi mwilini na kwenye nywele. Tofauti hii ya kazi ni ya kiuchumi na ya kiusafi. Si lazima iwe ya kitabibu.

Kwa hakika, kemia inaonesha kwamba mafuta yote mawili yana tabia moja isiyotarajiwa. Ukoko huhusishwa na mafuta ya ngozi yanayotolewa kwa wingi katika wiki za kwanza za maisha, kutokana na homoni za mama zilizopita kwenye kondo, pamoja na fangasi wa jenasi Malassezia wanaoishi juu ya ngozi ya karibu kila binadamu. Karibu spishi zote za fangasi hao haziwezi kujitengenezea asidi za mafuta. Huzipata kwa kuvunja mafuta yaliyopo kwenye ngozi. Hupendelea zile zilizoshiba, na huacha asidi ya oleiki, ambayo huwasha ngozi na kuongeza magamba. Mawese yana asidi ya palmitiki zaidi ya asilimia 40 na oleiki karibu kiasi hichohicho. Mise yana asidi ya lauriki inayokaribia nusu yake. Kwa maneno mengine, mafuta yanayolainisha gamba ndiyo yanayoweza kumlisha mdudu aliye chini yake. Yakipakwa, yakaachwa kwa muda mfupi au usiku mmoja, kisha yakaoshwa pamoja na magamba yaliyoachia, mtoto hunufaika. Yakipakwa asubuhi na jioni bila kuoshwa, ukoko huota juu ya ukoko. Sehemu kubwa ya ukoko unaoitwa sugu ni wa namna hii ya pili.

Ni vema kukumbuka kwamba sayansi ya Ulaya haikuwa mbele sana wakati huo. Louis-Charles Malassez alieleza chembechembe za fangasi katika magamba ya kichwa mnamo 1874, miaka mitatu baada ya Stanley kumkuta Livingstone Ujiji. Paul Gerson Unna wa Hamburg aliutenga ugonjwa wenyewe na maradhi mengine ya ngozi mnamo 1887. Mabishano kuhusu nafasi ya fangasi yaliendelea kwa takriban karne nzima, na dawa za kuwaua kwa uhakika, za jamii ya ketokonazo, ni za mwishoni mwa miaka ya 1970 na baada yake. Mlezi wa Ujiji wa mwaka 1880 na daktari wa Hamburg wa mwaka huohuo walikuwa na silaha moja mkononi: mafuta na subira.

Silaha ya pili ya Ujiji ilikuwa wembe. Mji huu ulikuwa wa Kiislamu kwa sehemu kubwa kufikia mwanzo wa karne ya 20, na akika huambatana na kunyoa nywele za kuzaliwa siku ya 7. Kwa kuangalia kalenda tu, unyoaji huo hauwezi kuwa kinga ya ukoko, kwa kuwa ukoko huanza kujitokeza kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 10. Lakini kichwa kilichonyolewa hakifichi kitu. Gamba huonekana likiwa bado changa, mafuta huifikia ngozi yenyewe badala ya kubaki kwenye nywele, na maji huyaondoa kwa urahisi. Pale ambapo kunyoa kulicheleweshwa hadi arobaini, jambo lilikuwa tofauti, maana siku ya 40 huangukia katikati ya kipindi cha ukoko. Wembe unaopita juu ya gamba lililoshika huondoa gamba pamoja na ngozi, na jeraha hilo hufungua njia ya usaha. Desturi moja, kwa tofauti ya wiki 5, yaweza kuwa msaada au madhara. Tafsiri inayosema kwamba kunyoa "kulikuwa" tiba, au kwamba "kulikuwa" hatari, bila kutaja siku, haina uzito.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, hakikuwa chombo. Kilikuwa utosi. Sehemu laini ya juu ya kichwa, inayodunda kwa mapigo ya damu na kufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18 kwa watoto walio wengi, inachukuliwa na walezi wengi wa Afrika Mashariki kuwa mlango ulio wazi. Haiguswi ovyo, haisuguliwi, haimwagiwi maji ya baridi. Hufunikwa na kupakwa mafuta. Ukoko nao hupenda kukaa papo hapo. Hivyo sehemu iliyohitaji kuoshwa zaidi ndiyo iliyopata mafuta mengi na maji machache kuliko zote. Waandishi wa afya ya uzazi wamezoea kuiita hofu hii ushirikina, nao wamekosea. Utosi unaobonyea huashiria upungufu wa maji mwilini, na unaovimba ni dalili ya hatari kichwani. Bibi aliyemfundisha binti yake kuuangalia utosi kila siku alimpa kipimo cha kweli. Kosa lilikuwa dogo na mahususi: kudhani kwamba utando unaofunika ubongo hapo hauwezi kuhimili kiganja chenye povu. Unaweza.

Sabuni iliingia polepole. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikafuata, Wabelgiji wakaushika mji kuanzia 1916 hadi 1921, na baada ya hapo ndipo bidhaa za duka zilipoanza kufika kwa mpangilio chini ya Waingereza. Pamoja na sabuni ya mche ilikuja Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1872. Mafuta hayo ya petroli hayana asidi za mafuta za kumlisha fangasi, na kwa hoja ya makala hii hiyo ni tofauti ya maana, ingawa waliyoyanunua hawakuyanunua kwa sababu hiyo. Sabuni ya kienyeji inayopikwa kwa mawese na magadi ya kiwandani huondoa mafuta vizuri sana, pengine vizuri kupita kiasi: ni kali kwa ngozi ya mtoto, ambayo kwa asili ina uasidi kidogo, na ikitumiwa kila siku huacha ngozi kavu, iliyopasuka, inayotoa magamba ya aina nyingine. Mlezi huona magamba na hurudisha mafuta. Mzunguko huo hauonekani katika jalada lolote, lakini huenda umechosha akina mama wengi kuliko ukoko wenyewe.

Huduma za afya zilizopanuliwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilileta kadi ya kliniki, yenye uzito na chanjo za mtoto. Ngozi ya kichwa haikuwa na mstari katika kadi hiyo, na kwa haki, maana mtoto hafi kwa ukoko. Hali ya mambo ilibadilika kutoka upande mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ngozi ya mtu ikawa kitu kinachosomwa na majirani. Ugonjwa uleule wa magamba yenye mafuta, unapoenea sana na kukataa dawa, ni miongoni mwa dalili za ngozi zinazojulikana za maambukizi ya VVU. Kwa mara ya kwanza, ukoko uliochelewa kutoka uliweza kumweka mama katika shaka isiyohusu usafi wake bali damu yake. Lugha ya zamani ya lawama, ile ya kubemenda, ilihusu hasa mtoto anayedhoofu, na ukoko ulikuwa nje yake kwa sababu mwenye ukoko hunenepa na kucheka kama kawaida. Shaka mpya haikujali unene. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 kimesomesha wahudumu wanaoweza kutenganisha hali hizi kwa kuangalia tu, lakini Moshi iko upande wa pili wa nchi, na mwambao wa Kigoma umetegemea zaidi jicho la bibi na la mhudumu wa zahanati.

Jicho hilo lina vigezo ambavyo havitofautiani sana na vya kitabu. Ukoko wa kawaida hauwashi, haumnyimi mtoto usingizi, hubaki kichwani, kwenye nyusi na nyuma ya masikio, na kwa kawaida huisha kabla ya mwaka mmoja hata usipoguswa. Mapunye huvunja nywele na huambukiza wakubwa zake. Ukoko hauambukizi mtu. Ukiteremka hadi mikunjo ya shingo, kwapa na kinena, ukawa mwekundu, ukatoa maji au harufu, au mtoto akaacha kuongezeka uzito, basi huo si wa nyumbani tena. Tiba ya hospitali wakati huo huwa krimu au shampuu ya ketokonazo, na pengine haidrokotizoni hafifu kwa siku chache. Dawa za watu wazima zenye asidi ya salisiliki hazipakwi kwa mtoto, kwa kuwa ngozi yake huifyonza hadi kwenye damu. Kinachotangulia dawa hizo, zahanati kama uani, ni kilekile: mafuta kidogo jioni, kitambaa laini au kitana chenye meno ya karibu asubuhi, maji ya uvuguvugu, povu jepesi, na kiganja kinachopita juu ya utosi bila kuukwepa.