Kaumwa: Mzizi Mchungu na Safari ya Jina Lake

Miongoni mwa maneno yaliyolala katika kamusi za zamani za Kiswahili limo neno kaumwa, ambalo wengine waliliandika kaomwa. Wanakamusi hawakuliongezea maelezo mengi: ni mzizi utumiwao kuwa dawa, hasa ya tumbo. Msomaji wa leo hulipita neno hilo kama apitavyo jina la chombo ambacho baharia hakiundi tena. Lakini mfasiri wa vitabu vya dawa, akikutana na mzizi huohuo katika orodha za Kizungu, huukuta umeandikwa calumba, columbo, au Colombo, na hapo huwa karibu sana kuandika “mzizi wa Kolombo”. Akifanya hivyo atakuwa amempokea mwenyeji kama mgeni. Maana jina hilo la Kizungu, pamoja na mzizi wenyewe, lilitoka katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na katika makala haya twakusudia kueleza jinsi lilivyoondoka na jinsi lilivyopotezwa asili.

Mmea wenyewe wataalamu wa mimea huuita Jateorhiza palmata. Ni mmea utambaao na kupanda juu ya miti, wenye majani mapana yaliyogawanyika mfano wa kiganja cha mkono. Mashina yake hufa na kuchipua tena, bali mzizi hudumu ardhini. Kuna mmea dume na mmea jike, kila mmoja peke yake, kama ilivyo kwa mpapai. Makao yake ni misitu ya Msumbiji zaidi ya pengine popote, ingawa waonekana pia Malawi na Tanzania. Wachimbaji wa Msumbiji hawakuung’oa mzizi mkuu, kwa kuwa una nyuzi nyingi. Walichimba ile mizizi ya kando iliyonenepa, wakaikata vipande vya mviringo, wakavianika kivulini. Kipande kikikauka hubonyea katikati, ganda lake huwa la kahawia, na ndani yake huwa manjano. Kwa desturi hiyo ya kuuacha mzizi mkuu, mmea uliweza kuchipua tena mwaka uliofuata, jambo ambalo wauzaji wengi wa mizizi katika siku hizi wangefaa kulifikiria.

Matumizi yake kwa wenyeji yalihusu tumbo kwanza: kuhara, kuhara damu, kutapika, na minyoo. Walioumwa na nyoka nao walipewa, na katika baadhi ya mahali ulitumiwa kwa maumivu ya viungo. Mganga alijua kwamba kiasi kidogo chatuliza tumbo, na kwamba kikizidi humtapisha mgonjwa. Hatusemi haya ili mtu akachimbe na kunywa. Kuhara damu leo kuna tiba yake hospitalini, na mwenye ugonjwa huo hapaswi kungojea mzizi. Twasema kwa sababu ujuzi wa kiasi ni ujuzi, na uliokuwa nao mganga wa Msumbiji ndio uliochukuliwa ukavuka bahari.

Wareno walifika Msumbiji mwaka 1498. Kutoka kwa wenyeji walilisikia jina kalumb, nao wakaliandika calumba, na hata leo kwa Kireno dawa hiyo ni raiz de calumba, yaani mzizi wa kalumba. Katika jambo hili Wareno walisikia vizuri kuliko wenzao waliowafuata. Kwa upande wetu, ni vyema kukumbuka kwamba kaskazini mwa Msumbiji, katika kisiwa cha Ibo na visiwa vya Kirimba, husemwa Kimwani, ndugu wa karibu sana wa Kiswahili, na kwamba majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kati ya visiwa hivyo, Kilwa na Unguja. Haistaajabishi, basi, kwamba Waswahili waliujua mzizi huo kwa jina lao wenyewe.

Je, kaumwa ni neno lilelile? Sisi twaona ndivyo. Msomaji atakumbuka kwamba Kiswahili kimeiacha sauti l katikati ya maneno mengi ambapo lugha jirani zimeihifadhi: sisi husema njaa, Mnyanja husema njala, sisi mvua, yeye mvula, sisi husema kukaa, na yeye hutumia mzizi -khala. Kwa kanuni hiyohiyo kalumba ingetupa kaumba. Kilichobaki ni ile mb iliyokuwa mw, na hiyo haitokani na kanuni hii ya sauti. Maoni yetu ni kwamba wasemaji waliliegemeza neno kwenye kitenzi kuumwa, ambacho kilikuwa karibu nalo kwa sauti na kwa maana pia: dawa ya aliyeumwa tumbo, na aliyeumwa na nyoka. Maneno ya dawa hupenda kugeuzwa hivyo, kwa kuwa mgonjwa hutaka jina limweleze kitu.

Huko Ulaya mtu wa kwanza kuueleza mzizi huu kwa maandishi alikuwa Francesco Redi, tabibu wa Florence, mnamo mwaka 1671, naye aliutaja kuwa kinga ya sumu. Ni dhahiri kwamba sifa hiyo haikuzuliwa Florence. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1773, Thomas Percival wa Manchester aliusifu kwa magonjwa ya kutapika na kuhara, na mwaka 1788 mzizi ukaingizwa katika kitabu rasmi cha dawa cha London. Tangu hapo hapakuwa na duka la dawa la maana katika Ulaya lililoukosa.

Lakini waliouuza hawakuwa na haja ya kutangaza ulikotoka. Mzigo mwingi ulipitia bandari za Bara Hindi kabla ya kupelekwa Ulaya, na mnunuzi aliyesikia “columbo” alikuwa na mji mkubwa uitwao Colombo katika ramani yake, kisiwani Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka. Basi akaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Wafaransa wakaandika colombo, Wajerumani wakatunga neno lenye maana ya “mzizi wa Colombo”, na kwa muda mrefu watu wenye elimu waliamini kwamba mmea huo huota Ceylon. Neno la Kibantu likavishwa nguo za mji wa Asia.

Fundo lilifunguliwa polepole. Philibert Commerson, mwanabotania Mfaransa, aliuokota mmea huo kisiwani Morisi, katika bustani ya Pierre Poivre, aliyekuwa akikusanya humo mimea ya nchi za mbali. Kutokana na kielelezo hicho Lamarck aliueleza mwaka 1797 na kuupa sifa ya palmata kwa sababu ya majani yake. Hata hivyo, waliousoma mmea hawakuwa bado wameuunganisha kwa uhakika na vipande vya manjano vya dukani. Mwaka 1805 Mfaransa mmoja, Fortin, alichukua mzizi hai kutoka Msumbiji hadi Madras. Ukapandwa, ukaota, ukachanua maua. Ulikuwa mmea dume peke yake, lakini ulitosha: tabibu Andrew Berry aliuandikia maelezo, na ikajulikana kwamba dawa hiyo haikuwa na asili ya Ceylon. Yafaa kuangalia kwamba ushahidi huo wote ulitafutwa katika bustani za Morisi na Madras, hali mchimbaji wa Msumbiji angeweza kuutoa kwa jibu moja tu.

Jina likiwa limekwisha kupotoka, hasara haikuishia kwenye jiografia. Kutoka Ceylon kwenyewe uliletwa London mti mwingine wa manjano, Coscinium fenestratum, ukauzwa kwa jina hilohilo la calumba. Kutoka Marekani ukaja mzizi wa Frasera, mmea wa jamii nyingine kabisa, ukaitwa kolumbo ya Kimarekani na kuchanganywa na ule wa kweli. Hivyo vitabu vya wauza dawa vililazimika kufundisha namna ya kupambanua “ya kweli” na “ya uongo”. Mtumishi wa serikali anayeandika orodha ya dawa, na mwalimu anayeisahihisha, wataona hapa kwamba istilahi si pambo: kitu kikipoteza jina lake la kwao, kingine hukaa mahali pake bila ya kuulizwa.

Wakemia nao waliendelea kulibeba neno bila ya kujua walichobeba. Mwaka 1830 Wittstock alipata kutoka katika mzizi huo kitu kichungu kilichoitwa kolumbini. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikatambuliwa alkaloidi tatu za manjano, nazo ni kolumbamini, palmatini na jatrorizini. Ya kwanza ina jina la mzizi, ya pili jina alilotoa Lamarck, na ya tatu jina la jenasi, ambalo kwa Kigiriki lina maana ya mzizi wa mponyaji. Alkaloidi hizo baadaye zilionekana katika mimea mingine mingi, hata katika mizizi ya manjano ya dawa za Kichina. Kwa hiyo mkemia wa China anapoandika kolumbamini hutamka, pasipo kujua, neno la Msumbiji.

Kuhusu majina ya kemikali hatuoni sababu ya kuyageuza. Kolumbini na kolumbamini yabaki yanavyotamkwa kimataifa, ili mwanafunzi aweze kuyafuata katika vitabu vya nje. Jina la mmea na la mzizi ni jambo jingine. Hapo twapendekeza kaumwa kwa mzizi, na mkaumwa kwa mmea, katika ngeli ya m-/mi-, kama tufanyavyo kwa miti mingine.

Liko jambo la pili lenye kumhusu mfasiri. Vitabu vya zamani vya wauza dawa viliagiza kwamba kaumwa itayarishwe kwa maji baridi. Sababu yake ni kwamba mzizi huu una wanga mwingi, na maji ya moto huufanya wanga uwe uji, dawa ikaharibika. Mfasiri wetu aliyezoea kuandika “chemsha” kila aonapo mizizi na maji atakosea. Lugha yetu ina kuchemsha, ina kuloweka, ina kufukiza, na kila kitenzi kina kazi yake. Twaona kwamba dawa iliyochemshwa iitwe mchemsho, na iliyokaa katika maji bila ya moto iitwe mloweko. Kadhalika kaumwa haina tanini, tofauti na mizizi na maganda mengi machungu, na kwa hiyo iliweza kuchanganywa na chumvi za chuma bila ya kugeuka nyeusi kama wino. Ndiyo maana wauza dawa waliipenda kwa wagonjwa waliopungukiwa na damu.

Na hilo neno uchungu lina mtego. Kwa Kiswahili uchungu ni ladha, ni maumivu, na ni huzuni. Mzazi ana uchungu, na mfiwa pia ana uchungu. Katika vitabu vya dawa kuna kundi zima la dawa zilizoitwa kwa ladha yake, ambazo kaumwa ilikuwa mojawapo, na kazi yake ilikuwa kuamsha hamu ya chakula. Ukiandika “dawa za uchungu” msomaji atadhani ni za kutuliza maumivu. Afadhali kuandika “dawa chungu”, na mahali pa mashaka kuongeza “za kuamsha hamu ya chakula”. Kuna wanaopendelea “dawa kali”, lakini pilipili ni kali na haikuwa kamwe ya kundi hili.