Mwanya wa Milimita 0.4

Mashindano ya kwanza ya Safari, mwaka 1953, yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipangwa madaraja kwa kufuata bei yake dukani. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha waliibuka washindi wakiendesha Volkswagen Beetle, gari lililotwaa tena ushindi mwaka 1957 na 1962. Injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa upepo, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kuchemka mlimani. Sifa za uimara wake zinasimuliwa hadi leo. Kinachosahaulika ni kwamba uimara huo ulikuwa na masharti: kila baada ya kilomita elfu chache, sharti mtu afunue boneti ya nyuma, ashike bisibisi na kuirekebisha injini.

Chanzo cha shughuli hiyo ni mfumo uliobuniwa Marekani na Charles Kettering na wenzake wa Delco, ukafungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Umeme wa betri hupita kwenye koili. Ndani ya distributa kuna vichuma viwili, pointi, vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana koili hufyatua umeme mkali wa kuruka kwenye plagi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi huachana mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Nyuso zake huungua na kuingia vishimo. Kile kisigino kidogo kinachosuguana na kamu nacho hulika taratibu, mwanya unabana na cheche zinachelewa. Mwenye gari huligundua hilo mlimani, au kwenye kituo cha mafuta.

Watengenezaji walilijua hilo, na wala hawakulificha. Kitabu cha gari kilitaja vipimo vyake, na vifaa vya kazi vilitoshea kwenye mfuko mmoja. Walioigeuza kazi hiyo kuwa desturi ya nyumbani, hata hivyo, walikuwa waandishi. John Haynes, Mwingereza, alipokuwa Aden na jeshi la anga katika miaka ya 1960, alimsaidia mwenzake kuunda upya gari la Austin-Healey Sprite huku akipiga picha hatua kwa hatua. Mwongozo wake wa kwanza wa ukarabati ulitoka mwaka 1966. Miaka mitatu baadaye, kule New Mexico, John Muir, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi katika viwanda vya ndege, alitoa *How to Keep Your Volkswagen Alive*. Kiliandikwa kwa mtu asiyewahi kushika spana, kikachorwa kwa ucheshi na Peter Aschwanden, na nakala zake zilizouzwa zilizidi milioni 2. Haynes alifundisha kwa picha na utaratibu; Muir alimkalisha msomaji chini akapiga naye soga. Kwa mgeni wa kazi, Muir ndiye mwalimu bora.

Kazi yenyewe ilianza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kwanza valvu: kwenye injini za baadaye mwanya wake ulipimwa kwa kibati cha milimita 0.15, kinachotakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo. Kisha pointi, milimita 0.4 zikiwa wazi kabisa. Kupanga wakati wa cheche kulihitaji taa ndogo ya betri tu. Waya mmoja kwenye koili, mwingine kwenye bodi; puli inazungushwa kwa spana mpaka alama yake ikabiliane na mstari wa maungio ya injini. Nati ya distributa ikilegezwa, distributa inazungushwa polepole. Taa ikiwaka tu, pointi zimeachana. Hapo nati inakazwa. Kisha plagi, kisha skrubu za kabureta, injini ikiunguruma na sikio likiwa kazini.

Aliyeruka hatua ya valvu alilipia kwenye silinda ya 3. Kipoza oili kilisimama ndani ya njia ya upepo na kuinyima silinda hiyo ubaridi, mpaka Volkswagen walipokihamisha kwa magari ya mwaka 1971. Valvu ya moshi ikipata joto kupita kiasi hurefuka, nafasi yake inakwisha, haikai tena sawasawa kwenye kiti chake, na hatimaye inaungua. La hatari ni kwamba valvu iliyobana haipigi kelele. Inayogonga ndiyo iliyolegea, na hiyo haina haraka.

Desturi hii haikuuawa na uvivu wa wenye magari. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilitaka magari mapya yabaki ndani ya viwango vya moshi kwa miaka 5 au maili 50,000, na pointi zinazolika kila siku zisingeweza kutoa ahadi hiyo. Chrysler waliziondoa kwenye magari yao yote ya 1973, na General Motors wakafuata 1975. Kwetu plagi ziliendelea kupigwa brashi ya waya, kwani petroli yenye risasi, inayoziachia utando, haikukoma kuuzwa kusini mwa Sahara hadi mwanzoni mwa 2006.

Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Umbo lilikuwa lilelile, injini bado nyuma, upepo bado ndio unaoipoza. Lakini mafuta yalipulizwa kwa mfumo wa kielektroniki: haikuwa na kabureta, wala pointi za kupima.