Wapagazi wa Vita vya 1914–1918 na Jiwe Letu la Kumbukumbu



Kamati ya jamii imetuomba sisi walimu tueleze jinsi miji inavyowakumbuka watu wake waliotumika wakati wa vita. Sisi tuliozaliwa Muyinga tulikua bila kuona mjini kwetu sanamu ya watu wa vita vya 1914–1918. Hata hivyo vita hivyo vilifika kwetu. Sanamu yake iko mbali, Dar es Salaam, kwa kuwa wakati ule Urundi na pwani yote ya Tanganyika vilikuwa koloni moja la Wajerumani.

Makao ya Wajerumani katika Urundi yalihamishiwa Gitega mwaka 1912. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura, kisha Gitega. Mwami Mwambutsa alikuwa bado mtoto mdogo, ametawazwa Desemba 1915. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora.

Vitabu vya shule huishia hapo. Lakini risasi, unga na mahema vilifikaje Tabora? Kwetu hapakuwa na reli wala barabara ya magari, na katika nchi yenye mbung'o wanyama wa mizigo walikufa. Basi kila gunia lilikwenda kichwani mwa mtu. Na mtu huyo naye hula. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo walivyohitajika wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi. Waingereza peke yao walichukua watu wapatao milioni moja kwa kazi hiyo, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na utapiamlo. Wajerumani na Wabelgiji nao walichukua wapagazi wao, wakiwemo watu wa milima yetu.

Sanamu ya Askari ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927. Pale pale iliwahi kusimama sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, ambayo iliondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Badala ya gavana akawekwa askari Mwafrika wa shaba mwenye bunduki na singe, ameielekea bandari. Maandishi yaliyo chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wapagazi wametajwa humo. Nairobi, katika sanamu ya mwaka 1928, mpagazi amewekewa hata umbo lake pamoja na askari. Hilo ni jema. Lakini hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Pengine kumbukumbu yao inayotamkwa zaidi ni soko: Kariakoo ni jina la kikosi chao cha Carrier Corps, kilichokuwa na kambi mahali pale. Wanunuzi wangapi wanajua?

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka mia moja, wajane wote wamekwisha kufa.

Vita hivyo viligawa hata jamaa. Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi. Baada ya vita ikabaki upande wa Waingereza, na leo imo katika wilaya ya Ngara. Ndiyo sababu wazazi wetu walipovuka mpaka mwaka 1993 walisikilizana na Wahangaza bila mkalimani.

Sasa baadhi yetu wanapendekeza jiwe la kumbukumbu kambini, na juu yake maneno machache tu: kwa ajili ya wote. Wanahofia kwamba majina yataleta ugomvi, huyu wa kabila gani, yule wa chama gani. Hofu hiyo tunaielewa, maana tumeona nchini kwetu jinsi wafu wa upande mmoja wanavyoliliwa na wa upande mwingine wakanyamaziwa. Hata hivyo hatukubaliani nao. Jiwe lisilo na majina ni rahisi kwa anayelijenga, na mama aliyefiwa haoni mwanawe pale. Tuandike jina, mlima aliozaliwa mtu, na kazi aliyoifanya. Kabila na chama visiandikwe. Nasi tusianze na wenye bunduki. Tuanze na wale waliobeba wagonjwa kwa ingobyi hadi mpakani, wakarudi kuchukua wengine, na baadhi yao hawakurudi tena.

Daftari limefunguliwa shuleni, na wanafunzi wakubwa wataandika kila siku ya Alhamisi baada ya vipindi. Anayekumbuka jina moja tu bila mlima, au mlima bila jina, naye aje.