Ensete: Mgomba Usioliwa Matunda

Ukipita kusini mwa Ethiopia, msomaji wangu, katika nchi ya Wagurage na Wasidama, waweza kudhani umefika Bukoba: nyumba zimezungukwa na migomba mirefu, yenye majani mapana. Lakini usingoje kukatiwa mkungu. Mmea huo ni ensete, nduguye mgomba, na matunda yake yaliyojaa mbegu ngumu hayaliwi. Kinacholiwa ni shina, pamoja na tunguu lililo ardhini.

Msafiri Mskoti James Bruce, aliyefika Gondar, kaskazini, mwaka 1770, aliukuta mmea huu ukiliwa huko, akausifu katika kitabu chake cha 1790. Leo kaskazini hutegemea nafaka. Ensete imebaki chakula cha kusini, na watu wapatao milioni 20 huitegemea.

Kilimo chake chataka subira. Mkulima hapandi mbegu. Huchukua mmea mchanga, hukata shina, hutoboa kitovu cha tunguu ili kuliua jicho la kukulia, kisha hulifukia. Tunguu moja hutoa machipukizi makumi kwa makumi. Hayo huhamishwa kutoka kitalu hadi kitalu na kutiliwa samadi (asiye na ng'ombe hupata taabu hapa), hata yafike shamba la kudumu. Mavuno huja baada ya miaka 4 hadi 7, karibu na wakati wa kuchanua, kwa kuwa mmea ukishazaa hufa.

Kuvuna ni kazi ya wanawake, tena nzito. Mwanamke huegemeza ganda la shina kwenye ubao, akalikwangua kwa kipande cha mwanzi. Tunguu nalo hupondwa. Maji yanayokamuliwa huachwa yatulie, wanga mweupe ukazama: hiyo ndiyo bula, chakula cha kumpa mgeni wa heshima. Rojo linalobaki hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani, likachachuka kwa wiki kadhaa au miezi, ndipo liokwe mkate uitwao kocho. Harufu yake ni kali, wenyeji hawaijali.

Nafaka ina siku yake ya kuvunwa, ilhali ensete humngoja mwenyewe. Mvua ikikosekana mwaka mmoja, mmea husimama, na rojo lililo shimoni halijaharibika. Njaa ya 1984 na 1985 iliua watu wengi mno, hasa Wollo na Tigray. Maeneo ya ensete yaliumia kidogo zaidi.

Adui wake mkubwa ni bakteria wa mnyauko, ambao wataalamu waliwaeleza kutoka kwenye ensete mwaka 1968. Mwaka 2001 bakteria hao hao walionekana katika migomba ya Uganda, kisha wakaingia Kagera, ambako ugonjwa huitwa unyanjano. Kisu kilichokata mmea mgonjwa huupeleka kwa mzima. Kwa hiyo wakulima wa pande zote mbili huhimizwa jambo lile lile: kupitisha kisu motoni kabla ya kuugusa mmea mwingine.