Klasi Yako Haiko Kwa Kitabu? Hata Kasisi Hakuwa

Wiki jana niliweka klasi yangu mezani: Mleta-mvua. Msee mmoja akaicheki sekunde mbili, akasema, "Hiyo si rasmi. Haiko kwa kitabu." Nikanyamaza, nikakunja karatasi. Nilipofika nyumbani nikajiuliza: na zile za kitabu zilitoka wapi?

Zilitoka mezani tu, wasee.

Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, klasi zilikuwa tatu pekee: mpiganaji, mchawi na kasisi. Huyo kasisi hakushushwa kutoka mbinguni. Miaka michache kabla, Arneson alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor kule Minnesota. Mhusika wa mchezaji mmoja alikuwa vampaya, Sir Fang, na alipata nguvu hadi wengine wakashindwa kumgusa. Dawa ikawa kutunga mhusika mpya wa kumwinda. Kasisi alizaliwa hapo. Mwizi naye aliongezwa 1975, kwenye kijitabu cha Greyhawk.

Na uchawi je? Gygax aliuazima kwa Jack Vance, mwandishi wa The Dying Earth, kitabu cha 1950. Humo mchawi anakariri maneno ya uchawi. Akishayatumia, yanafutika akilini mpaka ayasome tena. Kwa gemu hiyo ni dhahabu, kwa sababu inaweka kikomo. Bila kikomo, mchawi anamaliza kila vita peke yake na wengine wanabaki watazamaji.

Kwa hivyo ukitunga klasi, jiulize mambo mawili: inatibu shida gani mezani? Na uchawi wake unagharimu nini?

Hapo ndipo nilijishika mwenyewe. Mleta-mvua wangu alikuwa anaita mvua bure. Yule msee alikosea sababu, lakini ukweli ni kwamba klasi ilikuwa bado mbichi. Shida ya meza yetu ni kwamba tunachoma, tunaua, tunaondoka, na hakuna anayelipa. Basi nimeibadilisha: kila mvua unayoita inanyimwa kijiji kingine, na lazima ukitaje kwa jina kabla ya kurusha dadu. Tukipita huko baadaye, tutakuta mashamba yamekauka na watu wanajua ni nani aliwafanyia hivyo.

Jumamosi narudi na karatasi ile ile, na makunyanzi yake. Nawe toa yako kwa droo.