Kutoka Kitabuni hadi Mimbarini: Matayarisho ya Mahubiri ya Jumapili katika Iguhu

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi katika Afrika ya Mashariki aghalabu huyaweka mahubiri katika kundi la fasihi simulizi. Sababu ni dhahiri: mahubiri husemwa, hadhira huitikia, wimbo hukatiza, na sauti ya msemaji hubeba sehemu kubwa ya maana. Hata hivyo, mkabala huo huanza kuyatazama mahubiri Jumapili asubuhi, ilhali kazi kubwa imekwisha kutendeka siku zilizotangulia, mhubiri alipokaa na matini. Makala haya yanaichunguza kazi hiyo kwa kurejelea Iguhu, katika nchi ya Waidakho, Kakamega. Hoja inayojengwa ni kwamba matayarisho ya mahubiri ni uhakiki wa matini uendeshwao katikati ya lugha kadhaa, na kwamba kuupuuza ni kuwanyima wahubiri nafasi yao katika historia ya usomaji.

Vitabu vya Majirani

Iguhu, penye bonde la mto Yala, haiko mbali na vituo viwili vikongwe vya misheni. Marafiki, yaani Quaker, kutoka Marekani walianza kazi Kaimosi mwaka 1902. Mapadre wa Mill Hill walifika Mukumu mwaka 1906. Katika misheni hizo kusoma na kuwa Mkristo yalikuwa karibu jambo moja: aliyeingia dini aliingia na darasa.

Lakini kitabu kilichosomwa hakikuwa katika Kiidakho. Emory Rees wa misheni ya Marafiki, akisaidiwa na Joel Litu, alitafsiri katika Kimaragoli. Agano Jipya likatoka mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1951. Mwaka 1952 ilifuata Biblia ya Kiswahili iitwayo Union. Juhudi za kuwaundia Waluhya lugha moja ya maandishi, zilizoshika kasi katika miaka ya 1940, zilizaa Biblia ya Oluluyia mwaka 1975, nayo ikaelemea lahaja za kati. Kwa hiyo kwa miongo mingi mhubiri Mwidakho alisoma kwa lugha ya jirani na kuhubiri kwa lugha ya mama. Aliposoma ‘Mungu’ akasema ‘Nyasaye’, tafsiri ilikuwa nyepesi. Mahali pengi haikuwa hivyo, na hapo ndipo matayarisho yalipokuwa kazi ya mfasiri na mhakiki kwa pamoja.

Roho na Kitabu

Je, kujitayarisha si kumzibia Roho njia? Swali hili lina historia ndefu. Marafiki wa awali, Uingereza ya karne ya 17, walikaa kimya wakingoja kusukumwa kusema, wakiyatilia shaka mahubiri yaliyotungwa mapema. Wamisionari wa Kaimosi, kinyume chake, walitoka katika tawi lililokwisha kukubali wachungaji na mahubiri yaliyoandaliwa. Ndiyo maana uamsho wa mwaka 1927 huko Kaimosi, uliochochewa na mafundisho ya Arthur Chilson juu ya Roho Mtakatifu, una kinaya chake: waliodai kusemeshwa na Roho walipingwa na kutengwa na kanisa ambalo mababu zake walidai jambo hilohilo. Katika vuguvugu hilo lilichipuka Kanisa la Roho Mtakatifu la Kiafrika.

Upande wa Wakatoliki swali lilichukua sura nyingine. Utaratibu wa masomo uliotolewa mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uligawa masomo ya Jumapili katika mzunguko wa miaka mitatu. Padre hachagui matini. Hupewa, kisha hutafuta uzi unaoliunganisha somo la Agano la Kale na Injili. Mhubiri wa Marafiki huchagua mwenyewe, naye hana budi kutetea uteuzi wake. Kuteua na kuunganisha: zote mbili ni kazi za mhakiki.

Mifano Miwili

Chukua mfano wa mpanzi. Kiswahili cha Union hutumia kitenzi ‘kupanda’. Kwa mkulima wa mahindi, kupanda ni kuchimba shimo na kutia mbegu. Mpanzi anayeangusha mbegu njiani na miambani huonekana mzembe, na mahubiri yanaweza kugeuka karipio dhidi yake. Lakini wimbi, nafaka ya wazee kabla mahindi hayajatawala, hurushwa kwa mkono. Aliyewahi kusia wimbi huelewa kwamba mpanzi hana kosa, na kwamba simulizi inahukumu udongo. Joachim Jeremias, katika kitabu chake cha mwaka 1947 juu ya mifano ya Yesu, aliufafanua mfano huu kwa desturi ya Palestina ya kusia kabla ya kulima. Mzee wa wimbi angeweza kukaribia ufafanuzi huo kwa kukumbuka shamba lake.

Mfano wa pili ni mwanzo wa Injili ya Yohana. Katika Union, ‘Neno’ halichukui upatanisho wa ngeli yake. Hupewa viambishi vya viumbe hai. Ukiukaji huo wa sarufi umebeba teolojia nzima: Neno ni nafsi. Msomaji wa haraka huuvuka. Mhubiri anayeutayarisha mstari kwa Kiidakho hawezi kuuvuka, kwa maana lazima aamue atatumia upatanisho upi mbele ya kusanyiko.

Hitimisho

Kabla ya idara za fasihi kuanzishwa vyuoni, maswali ya uteuzi, tafsiri na muktadha yalikwisha kuulizwa juma kwa juma na watu ambao mara nyingi hawakuwa na maktaba ila Biblia na marejeo yake ya pambizoni. Sehemu kubwa ya uhakiki wao haikuandikwa. Ulisemwa Jumapili ukapita. Mtafiti anayerekodi mahubiri bila kumuuliza mhubiri alisoma nini, kwa lugha gani, na alikwama wapi, huondoka na sauti tu. Kila mhubiri mzee anapofariki, matayarisho hayo huzikwa pamoja naye.